Wale nyuki weusi wanaotoboa boriti si wa asali

Dada wa Mumias uliyeuliza kama utundike mzinga, hao nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti za kibanda chako si nyuki wa asali, kwa hivyo usitundike ukidhani watahamia. Jike hujichimbia kishimo chake mwenyewe. Mbao haili, anaitupa tu, ndio huo ungaunga unaoufagia kila asubuhi. Ndani anaweka donge la chavua na mbochi (maji matamu ya maua), anataga yai juu yake, anaziba. Hakuna cha kurina hapo.

Nyuki wa asali huishi kwa maelfu na malkia mmoja, hujenga masega ya nta na kuweka akiba ya siku zisizo na maua. Akikudunga, mwiba hubaki mwilini mwako naye anakufa. Huyo mweusi anaweza kurudia, ingawa ni mpole usipomshika.

Asali pia hutoka kwa wale nyuki wadogo kama inzi, wasiodunga, wanaofugwa karibu na msitu wa Kakamega. Ina uchachu fulani hivi, mimi naipenda kwa uji.

Kama umepanda pasheni, usiwapulizie dawa hao weusi, wao ndio wachavushaji wake wakuu. Paka boriti rangi. Wanapenda mbao tupu.