Mtoto wa Skye Terrier na ngazi
Ndugu uliyeuliza kama mtoto wa Skye Terrier wa miezi minne aruhusiwe kupanda na kushuka ngazi, nakushauri umbebe, kwa sababu mbwa hawa wa Uskoti wana mgongo mrefu na miguu mifupi, na mifupa ya miguu ya mbele ikielemewa kabla ya kukomaa huweza kukua kwa kupinda na kumfanya achechemee. Matembezi mafupi kwenye ardhi tambarare yanamtosha. Manyoya hayasumbui kama watu wanavyodhani. Yachane kila wiki, ukiyalowesha kidogo ili yasikatike. Kwa kuwa Uingereza kwenyewe watoto wa mbwa hawa wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300, huenda daktari wako wa mifugo hajawahi kumtibu mbwa wa aina hii, hivyo mtajie mapema tatizo hilo la miguu.