Mbwa akitetemeka kipupwe, usianze na blanketi

Shaba, mbwa wetu, alianza kutetemeka Jumanne usiku. Ni Julai, kusi inavuma, na sisi wenyewe tumelala na shuka mbili mbili. Nilitoka na tochi nikamkuta uwani amejikunja, pua kaificha chini ya mkia, mwili unamtikisika kama mtu aliyeshikwa na malaria. Nikamwambia mke wangu, "Baridi hiyo." Nikamfunika gunia, juu yake nikaweka blanketi kuukuu, nikarudi kulala.

Neno hilo lilinipotezea siku mbili, na karibu linipotezee mbwa.

Shamba letu liko Makangale, Pemba, linapakana na msitu wa Ngezi. Mwenye mihogo upande huu anajua maana yake: tumbili wakishuka alfajiri wanang'oa, wanatafuna kidogo, wanatupa, wanang'oa mwengine. Shaba ndiye mlinzi wetu, mwaka wa nne sasa. Tumemchukua mdogo, rangi yake ya shaba ndiyo iliyompa jina. Haingii ndani, analala uwani, ana bakuli lake. Lakini mtu anayefikiri kwamba mbwa wa shamba hapendwi kwa kuwa halali kitandani, hajamuona mtoto wangu wa kike anavyomwekea ukoko wa wali.

Jumatano aliukataa huo ukoko. Akakataa na dagaa. Ushauri ukaanza kumiminika, na kila aliyeshauri alikuwa na nia njema. Mama akasema achemshiwe tangawizi. Kijana mmoja akasema alimuona juzi dikoni, pengine kala bunju aliyetupwa na wavuvi. Jirani akanipa panadoli: "Mpe nusu, homa itashuka." Nilikuwa nimeshaikata.

Sikumpa, na mpaka leo namshukuru Mungu. Dawa za maumivu tunazokunywa sisi si za mbwa. Ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo kwa kiasi ambacho mtu mzima angekunywa bila wasiwasi. Panadoli nayo, kipimo kikizidi, inaharibu ini na damu. Na kwa paka hata kipande kimoja kinaweza kuua. Basi ukiwa na vidonge mkononi na mnyama anakutazama kwa macho ya kuomba, virudishe kabatini kwanza.

Kuhusu bunju, kijana hakukosea kufikiria. Mbwa wa pwani wanakufa kwa bunju. Lakini sumu ya bunju haisubiri: ndani ya saa chache mnyama anatapika, miguu inalegea, anashindwa kupumua. Sumu ya panya na dawa za shambani nazo nyingi huja kwa kishindo, povu, mate na degedege, ingawa ipo ya panya inayokaa siku kadhaa kisha ikamtoa damu. Shaba hakuwa hivyo. Alikuwa anazima taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta.

Alhamisi alfajiri tumbili waliingia mihogoni na Shaba hakuinua kichwa. Hapo nikajua kwamba hii si baridi.

Nitasema wazi kilichonitia hofu zaidi: kichaa cha mbwa. Hapa Pemba hatuzungumzi ugonjwa huu kwa kusikia. Chanjo za kila mwaka za mbwa kisiwa kizima zilikuwa zimeuondoa ilipofika 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, ukawakuta mbwa wengi hawajachanjwa, na haukuondoka hadi 2018, baada ya kampeni kurudi. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayeng'ata ovyo, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza au aliyepooza taya, usimfungue mdomo wala usimkaribie. Mfungie mahali kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, kisha piga simu afisi ya mifugo. Na akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku ile ile kupata chanjo. Shaba alikuwa amechanjwa, kadi yake naiweka pamoja na vyeti vya watoto. Kadi ile ndiyo iliyonipa ujasiri wa kumshika.

Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikainua mdomo wa juu. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama nyama ya dafu.

Laiti ningelitazama hapo Jumanne! Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole zinapauka, na rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. (Wapo wenye fizi nyeusi kwa maumbile, hao watazame ndani ya kope la chini.) Fizi zikiwa nyeupe, za manjano au za buluu, hakuna la kungojea, ni siku ile ile. Nikamgeuza masikio: kupe, wamejaa kama mbegu za mpapai. Wengine katikati ya vidole.

Daktari wa mifugo aliyepokea simu aliniuliza mambo matatu tu. Anakula? Fizi zina rangi gani? Mkojo ukoje? Kisha akasema, "Mlete leo." Daladala haipakii mbwa, na silaumu mtu. Jirani mwenye keri, gari dogo la kubebea karafuu, ndiye aliyetupeleka Wete, Shaba kalala nyuma juu ya jamvi, mimi nimeshika kichwa chake kwa kitambaa.

Kipimajoto kilisoma 40.6. Hapa kuna jambo ambalo sikulijua miaka yote hii: joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2, la kwetu ni 37. Kwa hiyo mkono wako siku zote utamuona mbwa wa moto, na kumgusa pua hakukwambii lolote. Pua ya mbwa mgonjwa inaweza kuwa mbichi na ya mzima ikawa kavu. Kipimajoto cha kawaida cha dukani kinatosha. Kipake mafuta, kiingizwe taratibu nyuma, na kiwe chake peke yake.

Daktari akanionesha tumboni, pasipo na manyoya, vidoa vidogo vyekundu kama aliyechomwa na sindano. Akatoa tone la damu sikioni, akalipaka kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini. Homa ya kupe.

Alinieleza kwa subira, nami nakueleza wewe. Homa za kupe zinazowasumbua mbwa wetu ni mbili hasa. Moja, erlikia, inaingia kwenye chembe nyeupe za damu na kupunguza chembe zile zinazogandisha damu. Ndiyo maana ya vile vidoa, na wengine hutokwa damu puani. Ya pili, babesia, inapasua chembe nyekundu zenyewe, na mkojo unaweza kutoka wa rangi ya chai ya rangi. Shaba alikuwa na ile ya kwanza. Inaweza kuchukua siku 8 hadi 20 tangu kupe aume mpaka homa ipande, kwa hiyo kupe wa Juni ndiye aliyemlaza Julai, na kipupwe kikabeba lawama.

Kutetemeka kwenyewe ni homa inayopanda: misuli inacheza ili izalishe joto. Mimi nikamwongezea blanketi! Kipupwe chetu ni baridi ya watu waliozoea jua; alfajiri zake mara chache zinashuka chini ya nyuzijoto 20, na mbwa mkubwa mwenye manyoya yake, aliyeshiba na kulala pakavu, hatetemeki kwa hilo. Mtoto wa mbwa, mbwa mkongwe, aliyekonda au aliyelowa mvua, hao ndio wanaodhurika kweli, nao wanataka gunia kavu na mahali pasipopitwa na upepo. Mtoto wa mbwa akitapika na kuharisha damu ni jambo jengine kabisa, mkimbize.

Tulipewa doksisaiklini ya wiki nne. Ni dawa ambayo watu pia hutumia, lakini kipimo hutoka kwa daktari baada ya kumpima uzito, na kidonge kinapita pamoja na chakula, la sivyo kinaunguza koo. Siku ya pili alikunywa maji mengi, siku ya tatu akala dagaa. Siku hizo ndizo za hatari kwa mwenye mbwa, maana unamuona mzima na moyo unakwambia dawa imetosha. Haijatosha. Vijidudu vinaweza kujificha mwilini miezi na kurudi na nguvu zaidi.

Nitagusa na suala la najisi, kwa sababu najua linawazuia wengi kumtazama mbwa wao mgonjwa. Sisi tunaofuata madhhab ya Imamu Shafi tunajua: mate yakikupata, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni kazi ya dakika chache. Nilitenga ndoo, kata na udongo safi pembeni ya uwa, na nguo moja ya kumuuguzia. Sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo, na sote tumefundishwa chuo cha Kurani habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia mbwa kisimani amchotee maji kwa kiatu chake. Mzee mmoja wa msikitini ndiye aliyenikumbusha, nilipokuwa naona haya kueleza kwa nini nimekosa sala ya jamaa Alhamisi ile.

Kupe tuliwatoa kwa kibano, kumshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala njiti ya moto. Hawa wa mbwa wanazaliana kwenye nyufa za kuta, na jike mmoja hutaga mayai maelfu. Kwa hiyo lile gunia na blanketi tumevichoma, nyufa za ukuta wa uwani tumeziziba kwa saruji, na Shaba anapakwa dawa ya kupe kila mwezi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini nampekua masikio na vidole. Binti yangu anashika tochi.

Zimebaki dawa za siku tisa. Leo alfajiri tumbili walishuka kutoka Ngezi, na nilimsikia akibweka kabla sijamaliza kutia udhu.