Mwili umechoka na hujafanya kazi yoyote? Anza na mikono

Toka niweke picha ya mkeka wangu wiki iliyopita inboksi haijapumzika. Wengi wanauliza bei, na mie naringa kiukweli maana ule mkeka nimeusuka kwa mikono yangu hii kuanzia chane ya kwanza, ule ujani mwembamba wa ukindu, mpaka taraza, ule umaliziaji wa kingo. Ila kuna meseji moja imenikaa moyoni. Dada mmoja kaniandikia: "Dada hongera, ila mwenzio nashinda kitandani, mwili umechoka na wala sijafanya kazi yoyote, nikiamka natamani nilale tena, wewe hiyo nguvu ya kusuka unaitoa wapi?" Nikamjibu kwa kirefu halafu nikaona hapana, hili tulisome wote, maana humu tupo wengi wenye malengo yetu, mtu anataka afungue biashara, mwingine anataka arudi shule, mwingine anataka tu asimame kwa miguu yake, lakini ikifika asubuhi mwili unagoma.

Jibu langu fupi lilikuwa hili: nguvu sikuwa nayo mdogo wangu. Nilianza kusuka nikiwa sina nguvu kabisa, nguvu imekuja baadaye na kunikuta nishaanza kazi. Ukisema usubiri nguvu ije kwanza ndo uanze, utasubiri sana.

Mie nilikuwa nafanya kazi ofisi moja hapa Dar, siitaji, upande wa mahesabu. Mkataba ulipoisha hawakuuongeza, na kilichoniuma ni namna walivyoniambia, kwa meseji, jioni, wakati asubuhi ya siku hiyohiyo nimeshinda nao tukifunga hesabu za mwaka mzima. Mtu umetoka Mbagala usiku usiku umegombania daladala miaka yote ile, halafu unaagwa kwa meseji! Hata leo nikiandika hapa kifua kinanibana. Basi nikarudi nyumbani, mwanzo nikasema acha nipumzike, na kweli nikapumzika, ila kile kupumzika kikageuka kitu kingine. Usiku silali, nimejiunga bando la usiku kwa sababu ni rahisi, nimelala chali naangalia maisha ya watu mpaka alfajiri, halafu mchana ndo nalala, nikiamka kichwa kizito, chakula hakina ladha, kuoga tu mpaka nijishauri. Kitenge nilichopanga kumshonea mama kikakaa kwenye mfuko mpaka kikashika vumbi.

Maneno ndo usiseme. Shemeji yangu mmoja akasema najidekeza, mtu mzima unalala mpaka saa tano. Shoga yangu tuliyekuwa kikundi kimoja cha vikoba akawaambia wenzake kwamba nimekuwa mvivu tangu nionje hela ya ofisini. Mwingine akasema nimechezewa, twende kwa mganga. Yote nimeyasikia na sijayasahau, na leo haohao ndo wanaulizia bei ya mkeka. Sawa, nitawauzia.

Mama yangu ndo aliniambia, mwanangu kabla hatujasema stresi twende ukapime. Na hapa naomba dada zangu mnisikilize vizuri. Nilipima nikakutwa damu 9, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tayari anahesabiwa ana upungufu. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kumbe uchovu mwingine unaitwa wa mawazo na sehemu yake iko kwenye damu. Na siko peke yangu, ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa na upungufu wa damu, yaani karibu nusu yetu. Halafu sisi na chai ya rangi! Unakula mchicha wako vizuri kisha unashushia na chai, na chai inazuia yale madini yasiingie mwilini, bora uiache mpaka saa moja au mawili baada ya kula, na kwenye mboga ukamulie ndimu au ule chungwa pembeni, hiyo inasaidia madini kuingia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yule dada ulikuwa nenda kapime damu. Sukari wakupime, tezi ya shingo ukiweza. Usianze kujiita mvivu kabla hujapima.

Damu ilipanda lakini moyo ukabaki chini. Hapo ndo anaingia Bibi.

Bibi ni jirani yetu, mtu wa Rufiji, mtaa mzima tunamwita Bibi tu. Kila siku baada ya swala ya Alasiri anatandika jamvi chini ya mwembe wao na wanawake wanakuja kusuka. Siku hiyo nimetumwa na mama nikarudishe sufuria yake, nimejifunga kanga hata nywele sijachana, akanitazama akasema, "Mjukuu wangu kaa hapo unishikie hii." Akanipa ukili wake, ule utepe wa kushonea mkeka, niushike ncha wakati yeye anaunga chane. Hakuniuliza una nini. Hakuna aliyeniuliza. Wanaongea habari za mtoto wa fulani kafaulu, bei ya sukari, harusi ya Charambe, mie nimeshika ncha tu. Nilikaa mpaka adhana ya Magharibi na nilipoinuka nikagundua muda wote ule sijaiwaza ile meseji ya ofisini hata mara moja.

Kesho yake nikarudi. Akanifundisha. Kwa wasiojua, ukindu ni majani ya mkindu, yanakatwa yakiwa machanga, yanaanikwa mpaka yawe meupe, kisha yanachanwa membamba ndo unapata chane. Zinazotakiwa rangi zinachemshwa na rangi kwenye sufuria halafu zinaanikwa tena. Ukitaka kusuka unazilowesha kidogo zisikukatikie. Unasuka utepe mrefu, huo ndo ukili, na unapimwa kwa pima, yaani unanyoosha mikono yote miwili. Ukishatosha unaushona upande kwa upande mpaka unakuwa mkeka, mwisho unatia taraza kwenye kingo. Mkeka wa chumbani ni ukili mrefu sana jamani, msione picha mkadhani mchezo.

Nimefikiria sana kwa nini hii kazi iliniinua wakati mambo mengine yalishindwa, maana nilishajaribu kusikiliza mawaidha, nilishajaribu kuandika malengo kwenye daftari, hakuna kitu. Naona kwanza ni kwamba ukindu ukishaulowesha huna ujanja, usipousuka leo unakauka unaharibika, kwa hiyo hata siku ambayo sijisikii inabidi nimalize zile chane, na nikizimaliza najikuta nataka nyingine. Pili ule msuko wenye rangi unataka hesabu, hii inapita juu hii chini, ukiwaza bosi tu umekosea unafumua, yaani akili haipati nafasi ya kuzunguka palepale. Na kubwa zaidi kazi inaonekana. Jana ukili ulikuwa hapa, leo umefika pale. Ofisini nilifanya kazi miaka na nilipoondoka hakuna kitu cha kushika mkononi, huu ukili naukunja mviringo naona umenenepa.

Na wale wanawake. Huwezi kuamini utamu wa kukaa na watu ambao hawakulazimishi uongee. Siku ukitaka kuongea unaongea huku macho yako kwenye chane, hutazamwi usoni, machozi yakitoka yanatoka, mtu anakusogezea maji na kusuka kunaendelea. Mie siku nilipolia ndo hivyo ilivyokuwa. Bibi akasema tu, "Haya, chane yako inakauka." Nikaendelea.

Nilivyopata nguvu kidogo nikaanza kusoma mambo haya, na nikakuta wataalamu wanayo. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani Neil Jacobson na wenzake walitoa utafiti wa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kundi moja likapewa tiba nzima ya mazungumzo ya kurekebisha fikra, kundi lingine likapewa kile kipande tu cha kupanga shughuli na kuzifanya, na hao wa shughuli tu wakapata nafuu sawa na wenzao. Halafu karibu na kwetu, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 Harare, mtaa wa Mbare, na mabibi 14 wa kawaida, wakafundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Mpango ukakua, ukafika Malawi mpaka hapa Zanzibar. Na kilichonifurahisha zaidi, wagonjwa wakimaliza kwenye benchi wanaunganishwa kwenye vikundi, na huko wanakaa pamoja wanafuma mikoba kwa plastiki zilizokwisha tumika huku wanaongea. Niliposoma hapo nikamkimbilia Bibi nikamwambia, Bibi, kumbe wewe ni daktari! Akacheka sana.

Mengine niliyoongeza ni madogo. Nikishaswali Alfajiri sirudi kitandani, hata nikiwa na usingizi, natoka uani. Huku kwetu jua linatoka karibu wakati uleule mwaka mzima, saa 12 na ushee lishachomoza, na ule mwanga wa asubuhi ndo unaouambia mwili saa ya mchana imeanza, usiku usingizi unakuja wenyewe. Tukiwa na jua bure hivi halafu mtu unajifungia na pazia mpaka mchana, unajidhulumu. Nikiwa hapo uani namwagilia mchicha wangu, nimepanda kwenye viroba vya unga vilivyokwisha, udongo na samadi, ndani ya wiki tatu mpaka nne unachuma. Mchicha haungoji ujisikie vizuri, usipomwagilia siku mbili za jua la Dar unakuta umelala. Kisha natembea, natoka nyumbani naenda mpaka sokoni kwa mguu badala ya kupanda bodaboda. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, ukigawa ni kama nusu saa siku 5, na kwenda sokoni na kurudi kunatosha kabisa, huhitaji jimu wala raba za bei.

Na simu, jamani, simu. Bando la usiku mlikimbie. Usiku uliumbwa tulale, na hayo maisha unayoyaangalia saa nane za usiku ya watu waliovaa vizuri wanakula kwenye mahoteli hayakusaidii chochote, unaamka umechoka na unajiona hufai. Mie sasa simu inalala sebuleni mie nalala chumbani. Wanawake tumeachiwa kazi za mikono na mama zetu na bibi zetu, kusuka, kufuma vitambaa, kudarizi, kupaka piko, kufinyanga, tumeziona za kizamani tukazitupa, tukabaki na vidole vya kusogeza kioo tu, halafu tunashangaa roho inakosa pa kushika. Turudini! Na kina kaka pia, wapo wanaovua, wanaochonga, wanaofuga njiwa, kaa na kitu mikononi. Usichague kitu kwa sababu kinalipa. Mie mkeka wa kwanza ulikuwa umepinda upande na nimeulalia mwenyewe, nilikuwa sisuki kwa ajili ya hela, hela imekuja juzi.

Lakini lazima niseme na hili kwa uzito wake. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hapo usiniambie mkeka, nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hata zahanati ya karibu wanaweza kukupa rufaa. Najua tunavyoogopeshana, mtu akisema tu hajisikii vizuri kichwani anaambiwa utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, watu wanacheka. Mie hicho kicheko nakichukia. Wapo tuliowazika kwa sababu waliogopa kuchekwa. Mwambie hata mtu mmoja, mama, dada, imamu, mchungaji, jirani, na wewe unayeambiwa usijibu kwamba anajidekeza. Shemeji, kama unasoma hapa, nakuambia na wewe.

Siku mbaya bado zipo, juzi tu mvua ilinyesha kutwa na nilijisikia mzito vibaya, nikalowesha chane chache tu, nikasuka kidogo dirishani, nikalala mapema. Ilitosha kwa siku ile.

Yule dada ameniandikia tena jana, kapima, majibu anayo, na ameuliza kama Bibi atamkubali maana hajui hata kushika chane. Anakubaliwa. Na nyie wengine mnaoulizia, tunakaa kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa, njoo na kisu kidogo cha kuchania na kopo la maji, ukindu wa kuanzia tutakupa, unatoka Rufiji kwa mafungu na Bibi ndo anajua ulio mzuri na uliochoka. Mnaotaka kununua, mkeka wa pichani umeshakwenda, oda zinasubiri mpaka nimalize huu wa mama.