Usiipime riwaya kwa kipimo cha kitabu cha historia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Msomaji anayechanganya riwaya, wasifu, historia na sayansi atoeje maoni yatakayomfaa mwenzake anayetafuta kitabu cha kusoma?" Jibu langu ni kwamba kwanza atambue kitabu kimeahidi nini, kisha akikague pale ambapo ahadi ya namna hiyo huvunjika. Riwaya huahidi kwamba watu wake watatenda kama watu. Kitabu cha historia au sayansi huahidi kwamba kinachosemwa kilitokea, au kinaweza kupimwa. Wengi huzichanganya ahadi hizi: riwaya husifiwa kwa "mafunzo mengi", na kitabu cha historia husifiwa kwa kuwa "kinasomeka kama hadithi". Anayesikiliza sifa hizo hapati kujua kama riwaya imeandikwa vizuri, wala kama historia ile ni ya kweli.

Uzito wa ahadi hiyo ulionekana wazi kwa kitabu cha James Frey, A Million Little Pieces. Kilitoka Marekani mwaka 2003, kikauzwa kama kumbukumbu za kweli za mtu aliyezama katika ulevi na dawa za kulevya. Januari 2006 tovuti ya The Smoking Gun ilionyesha kuwa baadhi ya mambo yalitiwa chumvi na mengine yalibuniwa, na nakala zilizofuata zikatolewa zikiwa na maelezo kwa msomaji. Sentensi zilizokuwa tayari mikononi mwa watu zilibaki vilevile, lakini hukumu juu yake ilibadilika. Kingetoka kama riwaya, swali hilo lisingeulizwa kamwe.

Nianze na vitabu vya maarifa, maana ndivyo ambavyo wasomaji huviamini bila kuvikagua. Kabla ya sura ya kwanza, tenga dakika ishirini. Fungua ukurasa wa hatimiliki uangalie mwaka, na uangalie pia kama ulichoshika ni toleo jipya au ni chapa mpya. Chapa mpya ni maandishi yaleyale yaliyopigwa tena, pengine kwa jalada la kuvutia zaidi. Toleo jipya ni maandishi yaliyopitiwa na kurekebishwa. Tofauti hiyo si ndogo. Kitabu cha Charles Darwin, On the Origin of Species, kilitoka 1859, na kufikia 1872 kilikuwa katika toleo la sita, huku mwandishi akiongeza, akipunguza na kuwajibu wapinzani wake. Wasomaji wawili wakibishana juu ya Darwin, kila mmoja na toleo lake, wanaweza kuwa wanabishana juu ya maneno yasiyofanana. Kwa vitabu vya afya, uchumi au teknolojia hatari ni kubwa zaidi: chapa ya mwaka huu inaweza kubeba takwimu zilizochakaa zamani.

Kisha nenda mwisho wa kitabu, kwenye faharasa, yaani orodha ya majina na mambo pamoja na kurasa zake. Tafuta jambo moja unalolijua kwa undani kuliko mengine, iwe ni mji, zao, ugonjwa au mtu, usome kurasa hizo kwanza. Mwandishi akilikosea jambo unalolijua, una sababu nzuri ya kuwa macho katika yale usiyoyajua. Kitabu kinene cha historia kisicho na faharasa kinastahili kutajwa hivyo katika maoni yako, kwa kuwa mwenzako atashindwa kukirudia anapotafuta jambo moja.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Chagua madai matatu yenye tarakimu, ufuate tanbihi zake, yaani maelezo yanayotaja chanzo, moja moja. Mara nyingine tanbihi inakupeleka kwenye kitabu kingine ambacho nacho kimenukuu kitabu cha tatu, na ushahidi wenyewe hauonekani popote. Mara nyingine utakuta "watafiti wamegundua" bila kuambiwa ni watafiti gani, walimpima nani, wala watu wangapi. Angalia sana asilimia. "Hatari iliongezeka maradufu" ni sentensi ya kutisha, lakini kutoka mtu mmoja hadi wawili katika kila elfu kumi ni maradufu, na kutoka elfu moja hadi elfu mbili katika hao elfu kumi pia ni maradufu. Kwa grafu, tazama mhimili wa wima umeanzia wapi. Usipoanza kwenye sifuri, nguzo mbili zinazokaribiana zitaonekana kama moja imeimeza nyingine. Ukikuta kasoro ya namna hii, taja ukurasa. Maoni yanayosema "takwimu za sura ya nne hazina chanzo" yana thamani kuliko kurasa tatu za sifa.

Wasifu, yaani maisha ya mtu yakiandikwa na mwingine, na tawasifu, yaani mtu akijiandikia maisha yake, vina shida yao. Hapa swali ni nani anasema, na anapata nini kwa kusema hivyo. Mwandishi Shaaban Robert alizungumza na mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad mwenyewe kabla ya kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, na Siti alifariki 1950. Kwa hiyo tunapata kitabu kilichoandikwa karibu na mhusika, na kwa heshima kubwa. Ukaribu huo ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake: utaisikia hadhi ya mwimbaji aliyetoka katika ufukara akafika kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, lakini usitegemee mwandishi amhoji kwa ukali. Msomaji anayetaka kuujua ustadi wa kusifu kwa Kiswahili atakifurahia sana. Anayetaka uchunguzi wa biashara ya santuri atafute kitabu kingine.

Kwa tawasifu, soma ukisikiliza kimya chake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo ni hazina kwa lugha na kwa njia za misafara. Lakini aliyekuwa akisimulia ni mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Maoni ya haki juu ya kitabu kama hiki lazima yaseme ni nani ana sauti na nani hana. Waliobebeshwa pembe wanahesabiwa tu, hawazungumzi. Hilo haliondoi thamani ya kitabu, ila linamwambia msomaji akisome pamoja na kitu gani.

Hata shajara, ambayo tunaidhania kuwa maandishi ya siku kwa siku, inahitaji swali hilo. Anne Frank, msichana Myahudi aliyekuwa mafichoni wakati wa Vita Kuu ya Pili, alianza kuiandika upya shajara yake mwaka 1944, baada ya kusikia redioni kwamba kumbukumbu za wakati wa vita zitahitajika, na kitabu kilichotoka 1947 kiliandaliwa na baba yake. Kujua hivyo hakupunguzi kitu. Kunatuonyesha msichana aliyekuwa akijifunza kazi ya uandishi, akichagua na kupanga, na nadhani kitabu kinakuwa kikubwa zaidi mtu akilijua hilo.

Sasa riwaya. Katika kurasa thelathini za mwanzo uliza swali moja: nani anaona? Msimulizi wa nafsi ya kwanza, anayesema "mimi", hawezi kujua kilichosemwa chumbani yeye akiwa sokoni, isipokuwa mtu amwambie. Weka alama ya penseli kila anapojua asichoweza kujua. Alama moja ni kuteleza, na alama saba ni mwandishi aliyepoteza udhibiti wa hadithi yake. Kwa mazungumzo, funika majina kwa kidole usome maneno peke yake. Kama baba, mtoto na polisi wote wanazungumza kwa sentensi za urefu mmoja na methali zilezile, umepata kasoro unayoweza kuionyesha.

Nasibu nayo ina mahali pake. Watu wawili kukutana kwa bahati mwanzoni mwa hadithi si kosa, kwa sababu hadithi lazima ianze na jambo. Bahati hiyo ikija kurasa kumi kabla ya mwisho, mjomba tajiri akatokea ghafla na kulipa madeni yote, mwandishi amejiokoa mwenyewe. Jaribu kuliondoa tukio moja kubwa la katikati kichwani mwako. Kama yanayofuata yanabaki kama yalivyo, tukio lile lilikuwa pambo. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Watu wengi hubishana tu kama ina maadili au haina. Swali la fani, yaani ufundi wa uandishi, ni jingine: je, ukali wa Zakaria, baba yake Rosa, nyumbani ndio unaomsukuma Rosa kwenye yanayompata akiwa mbali na macho yake? Nionavyo mimi, ndiyo, na ukiiondoa nyumba ile kitabu kizima kinaanguka. Huo ndio ushahidi wa msuko imara, yaani matukio yanayoshikana.

Lakini kipimo hichohicho hakifai kwa kila hadithi ya kubuni. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anamweka Karama mahakamani akishtakiwa na Majivuno, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kulalamika kwamba wahusika "hawana undani" ni kukosa shabaha, maana majina yao yenyewe yanatangaza kazi zao. Hii ni hoja iliyovishwa hadithi, nayo ikaguliwe kama hoja: je, kila mjumbe anaongeza kitu juu ya aliyemtangulia? Anayekwenda kuisoma aambiwe pia kwamba mtindo wa mjumbe kwenda, kurudi na mema na kulipwa mabaya unarudiwa mara sita, na marudio hayo ni mazito kwa anayesoma kwa mkupuo mmoja. Isomwe kikao kwa kikao, kama kesi yenyewe ilivyo. Nagona, ya Kezilahabi huyohuyo, iliyotoka 1990, haisomeki kama Rosa Mistika hata kidogo. Ni fupi, ina ndoto na mafumbo, na atakayeikagua kwa kipimo cha sababu na matokeo ataitupa bure.

Kuna vitabu vilivyokaa mpakani, na hapo ndipo maoni huharibika zaidi. Kuli ya Adam Shafi ni riwaya, lakini imesimama juu ya mgomo uliotokea kweli Zanzibar mwaka 1948. Sifa zake za riwaya zisemwe kama sifa za riwaya: jasho la bandarini, njaa, namna Rashidi, mhusika mkuu, anavyofumbuka macho kidogo kidogo. Mtu asimnukuu Rashidi kama shahidi wa mgomo. Anayetaka kujua nani aligoma, siku ngapi na kwa madai gani afungue kitabu cha historia, na vitabu hivyo viwili vikisomwa pamoja kila kimoja kinampa mwenzake asicho nacho. Adam Shafi huyohuyo ametuachia pia Mbali na Nyumbani, masimulizi ya safari yake ya ujanani kuelekea Ulaya. Kukisoma pamoja na riwaya zake ni zoezi zuri: unaona mwandishi mmoja anavyobadili mwendo anapofungwa na yaliyotokea.

Tafsiri zitajwe kuwa ni tafsiri, na jina la mfasiri lisiachwe. Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mtu akisema "lugha yake ni tamu", anamsifu nani kati ya hao wawili? Kama unazijua lugha zote mbili, linganisha aya tatu: moja ya maelezo ya mahali, moja ya mazungumzo, moja ya hisia. Mazungumzo ndiyo hufichua haraka zaidi, kwa kuwa heshima na utani havina umbo moja katika lugha zote.

Kuhusu diwani, yaani mkusanyiko wa mashairi, nitasema machache tu. Soma kwa sauti na uhesabu. Katika utenzi wa kawaida kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani (silabi) minane, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho, na cha nne kina kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Utaratibu huo ukivunjika mahali, angalia kama umevunjwa kwa makusudi. Kwa mkusanyiko wa hadithi fupi au mashairi usitoe alama moja. Taja mbili bora na moja dhaifu.

Alama za nyota, moja hadi tano, ndizo zinazoleta fujo mtu anapochanganya aina za vitabu. Riwaya yenye nyota nne na kitabu cha lishe chenye nyota nne havijapata alama ileile. Kwa kitabu cha maarifa ningetoa alama mbili, moja ya uandishi na moja ya kuaminika, wala nisizijumlishe. Kitabu kilichoandikwa kwa ufasaha lakini chenye ushahidi legelege ni hatari kuliko kile kigumu chenye ushahidi thabiti, na wastani wa alama hizo huificha hatari hiyo.

Ukifika kuandika, sentensi nane hadi kumi zinatosha. Andika rasimu siku uliyomaliza, matukio yakiwa bado moto, uiache wiki moja, kisha ufute kila sifa ambayo huwezi tena kuionyesha mahali pake kitabuni. Kinachobaki kieleze aina ya kitabu na toleo, kinachojaribu kufanya, mahali kilipofaulu zaidi pamoja na ukurasa wake, mahali kilipolegea na sababu, na msomaji kinayemfaa. Kama ulisikiliza au ulisoma kwenye simu, taja sura badala ya ukurasa. Katika riwaya usifichue lolote lililo baada ya robo ya kwanza. Katika kitabu cha maarifa fichua hitimisho bila woga, kwa kuwa msomaji ana haki ya kujua kinakompeleka.

Na kama hukukimaliza, bado una haki ya kutoa maoni, mradi useme uliishia ukurasa wa ngapi kati ya ngapi na ni kitu gani kilikusimamisha. Aliyeacha riwaya katika ukurasa wa 60 kwa sababu ya mazungumzo yasiyo na uhai ametoa habari kamili kuhusu kurasa hizo sitini. Asiuhukumu mwisho ambao hajaufikia.

Msomaji wenu