Nikipiga magoti nasinzia: imani imeisha au ni umri?

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto watatu, nimetimiza miaka 49 na wa mwisho kashaondoka kwenda chuo. Nilijua ntapumzika, kumbe nyumba ikinyamaza ndo unaanza kujisikia mwenyewe. Kila usiku saa nane nashtuka nimelowa jasho mpaka shuka, nafungua dirisha, mume wangu anasikia baridi anafunga, nafungua tena, ndo maisha yetu siku hizi. Hedhi inakuja inapotaka, miezi miwili kimya kisha inakuja kama bomba limepasuka. Majina yananipotea, juzi nimemwita mtoto kwa majina ya wenzie wote kabla sijafika kwenye lake.

Lakini hayo siyo yanayoniumiza, kinachoniumiza ni sala. Mi nilikuwa mtu wa maombi dada, saa kumi alfajiri nipo magotini, watoto wamekua wanasikia sauti yangu. Sasa nikipiga magoti nasinzia, nikiwa macho sina cha kusema, na Biblia nikisoma mistari miwili kichwa kinauma naifunga. Mwenzangu mmoja kanisani kaniambia nimepoa kiroho nichunguze dhambi iliyojificha. Nimechunguza, sijaiona. Juu ya hapo mama yangu ana miaka 78, kaanza kusahau jiko likiwaka, na mimi ndo wa kumhamishia kwangu. Nikimwangalia najiona mimi miaka ijayo, naogopa. Mungu kaniacha au mimi ndo nimemwacha?

Na kadogo tu, mvi nipake rangi? Binti yangu anasema niache.

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka hapo kwenye dirisha maana nami nimepita humohumo, ya pili sikucheka.

Nianze na mwili kwasababu naona umeuruka. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpango, ile sehemu ya ubongo inayopima joto inakuwa nyepesi kushtuka, joto likiongezeka kidogo tu inaamrisha jasho kama nyumba inaungua. Usingizi unakatika, kumbukumbu inayumba, machozi yanakuwa karibu. Na hatusemi hedhi imekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila kuiona, kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Usicheke, Sara naye alicheka.

Hiyo damu ya bomba kupasuka usiivumilie tu, nenda kwa daktari apime wingi wa damu na tezi ya shingo, maana ukipungukiwa damu utachoka hadi kuongea. Muulize pia kuhusu dawa za homoni, zinasaidia wengi kwa jasho la usiku, ila mwambie historia yako yote, hasa kama umewahi kuwa na saratani ya matiti au damu kuganda. Na huko mbele, ikishakoma mwaka mzima halafu ukaona damu tena, hata tone, usikae nyumbani.

Sasa huyo mwenzako wa kanisani. Mtu ameamka saa nane amelowa, amegombania dirisha, saa kumi anapiga magoti gizani ameinamisha kichwa, asiposinzia huyo ndo wa kumshangaa! Eliya alipochoka akaomba afe, alilala chini ya mti na malaika alipokuja hakumhubiria, alimwambia ainuke ale, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, maneno mengine yalikuja baadae sana. Kwahiyo hamisha sala, omba saa nne asubuhi ukiwa unatembea, kama muda unao.

Na hiyo Biblia ya mistari miwili, niambie ukweli, unaishika karibu au unanyoosha mkono? Kuanzia miaka ya 40 hivi lensi ya jicho inaanza kukakamaa na maandishi ya karibu yanakuwa ukungu, ukilazimisha kichwa kinauma. Mi nilimaliza karibu mwaka nikidhani nimeichoka Neno, kumbe nilihitaji miwani ya kusomea. Nusu ya ukavu wako wa kiroho inaweza kuwa hapo, sitanii.

Nusu nyingine siyo ya mwili. Umesema ukiwa macho huna cha kusema, na mi hapo nimekaa napo muda mrefu. Miaka ishirini na kitu ulikuwa unaomba nini? Homa ya huyu, mtihani wa yule, ada, marafiki wabaya. Ulikuwa unaingia na orodha, na orodha sasa imeondoka na mabegi yao. Haukuachwa mdogo wangu, umebaki mwenyewe mbele za Mungu labda kwa mara ya kwanza tangu uzae, na hujawahi kuzoea kujiombea wewe. Jaribu hata sentensi moja, naogopa kuzeeka kama mama. Umeniandikia mimi nisiyekujua, mwambie na Yeye. Mume wako pia mwambie, katika barua nzima huyu bwana kazi yake ni kufunga dirisha tu.

Kuhusu mama, nani kaamua kwamba ni wewe? Kama una ndugu, waite mkae chini kabla hajahamia, mgawane siku, hela na usiku, maana akishaingia kwako kila mtu ataona limeshaisha. Mpeleke apimwe, kusahau kwa uzee kuna sababu nyingi na nyingine zinatibika. Na wewe kupoteza jina halafu likakujia ukiwa unaoga si sawa na kusahau jiko, usijipe ugonjwa wake mapema hivyo.

Haya, mvi. Umenieleza binti anataka nini, wewe hukusema. Ukiamua kupaka, jaribu kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla, zingine zinawasha vibaya sana.