Maswali ya Wasomaji: Barabara ni ya Wote, Maji Yaelekezwe kwa Nani?

Miongoni mwa barua tulizopokea, tatu zinahusu jambo moja, nalo ni majirani wa kijijini wanaojaribu kuyaendeleza makazi yao kwa nguvu zao wenyewe. Nimezijibu pamoja, na barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyonipa kazi kubwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni kaya 38 katika makazi mapya ya kijijini, ambako kila mmoja alinunua kiwanja kwa wakati wake. Barabara inayotufikisha kwenye barabara kuu ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na kila mvua inaponyesha hugeuka tope. Mwaka jana tulichangishana, tukaleta malori sita ya kifusi, tukamwaga na kusambaza. Mvua za kwanza zikakisomba chote. Sasa nusu ya majirani hawataki kusikia neno mchango, na wenye viwanja wasioishi hapa hawajawahi kutoa chochote. Tuanzie wapi? — Katibu Aliyechoka

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na kifusi, kwa kuwa naamini mgogoro wenu wa michango ulizaliwa humo. Majirani wako walitoa fedha, wakaziona zikielea mtaroni, na mtu aliyeona hivyo ana haki ya kusita.

Adui wa barabara ya udongo ni maji, na kifusi kinachomwagwa juu ya tope huwa kinayaongezea maji hayo kitu cha kubeba. Barabara inatakiwa kuwa na mgongo, yaani katikati pawe juu na pande zote mbili ziteremke kuelekea mitaro. Kipimo kinachofaa ni mteremko wa takriban sentimita 5 kwa kila mita moja ya upana kutoka katikati, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 5 huhitaji katikati pazidi kingo kwa sentimita 12 hivi. Kifusi hushindiliwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kikiwa na unyevu wa wastani: ukikifumbata kiganjani kishikamane bila kutoa maji. Mahali ambapo maji lazima yavuke chini ya barabara, wekeni kalavati yenye kipenyo kisichopungua sentimita 60, maana iliyo nyembamba zaidi huziba kwa majani na mchanga, na hakuna mtu atakayeweza kuisafisha kwa ndani.

Kabla ya kuagiza lori lolote, itembeeni barabara yote wakati mvua inanyesha, mkiwa na vigingi, na mchomeke kigingi kila mahali maji yanapoingia, yanapotuama na yanapokata njia. Wengi watapenda kubaki majumbani, na hao watakaotoka na miavuli yao ndio kamati yenu, hata kama hawajachaguliwa. Yaelekea mtagundua kwamba sehemu mbovu kabisa ni chache na fupi, na kwamba kilomita moja na nusu mliyoiogopa kwa kweli ni mita mia mbili au tatu za kazi nzito.

Hapo ndipo linapokuja suala ambalo barua yako haikuligusa, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Maji yakiachwa yakusanyike katika mtaro mrefu hupata nguvu ya kuchimba, hivyo ni lazima yatolewe pembeni mara kwa mara, kidogo kidogo, kupitia michepuko. Kila mchepuko huishia katika kiwanja cha mtu. Jirani aliye upande wa chini anaweza kujikuta akipokea maji ya barabara ya watu 37, huku naye akidaiwa mchango sawa na wao. Ukiona mtu mkimya kikaoni ambaye baadaye usiku anaziba mtaro kwa magunia ya udongo, usikimbilie kumwita mkorofi. Kwanza nenda ukatazame maji yanaishia wapi.

Kwa hiyo, nendeni kwake kabla ya jembe la kwanza. Mwonyesheni mahali pa mchepuko, mkubaliane maji yapite upande gani wa kiwanja chake, muahidi kupanga mawe mwishoni mwa mchepuko ili maji yasimchimbie shimo, na ikiwezekana yaelekezwe kwenye miti yake au bwawa lake ili yamfae. Ridhaa yake ihesabiwe kuwa mchango, iandikwe pamoja na mchoro mdogo, isainiwe na pande zote. Karatasi hiyo itahitajika siku atakapouza kiwanja na mnunuzi kuja na mawazo mapya.

Kuhusu wenye viwanja wasioishi hapo, nina hisia kwamba wamepokea kutoka kwenu ujumbe wa simu wenye kiasi cha fedha na namba ya kutuma, basi. Mtu aliye mbali huchangia anachokiona. Mpelekeeni makadirio ya gharama, picha za kabla na baada, na hesabu ya mwaka jana, pamoja na ile aibu ya malori sita. Kuikiri aibu hiyo kutawaletea imani kuliko kuificha. Asiyeweza kuja kufanya kazi alipe thamani ya siku za kazi, na thamani hiyo ipangwe na mkutano ili siku moja ya jembe na kiasi fulani cha fedha vihesabiwe sawa kwa kila mtu. Wazee, wagonjwa na wasio na uwezo wasamehewe na mkutano mzima waziwazi, wala isiwe hisani ya katibu, kwa sababu msamaha wa chinichini ndio unaozaa minong’ono.

Anayeendelea kukataa mfanyeje? Elinor Ostrom, mwanazuoni wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jamii zinazosimamia mali ya pamoja kama malisho, misitu na mifereji. Aliona kwamba zile zilizodumu huwa na adhabu zinazoanza kidogo na kupanda hatua kwa hatua, pamoja na njia ya haraka na nafuu ya kusuluhisha ugomvi. Kwenu ninyi hatua ya kwanza iwe kumtembelea mtu nyumbani kwake, watu wawili, bila kelele. Kumfungia mtu njia ni kosa: kutazua kesi, na mkishindwa kesi hiyo mtakuwa mmemaliza fedha za changarawe kwa kumlipa wakili. Vilevile ulizeni serikali yenu ya mitaa kama barabara hiyo imo katika orodha yake, kwa sababu kama imo mnahitaji kibali kabla ya kuigusa, na huenda mkapata mtaalamu wa kupima bila malipo.

Fedha zishikwe na mtu mmoja, zitolewe kwa saini za wengine wawili, na daftari la mapato na matumizi lisomwe kila kikao hata kama hakuna kilichoingia. Kisha msianze na kilomita moja na nusu. Chagueni mita 50 zilizo mbaya kuliko zote, mzimalize kabisa, mgongo, mitaro na michepuko, halafu mwache mvua izikague. Mkutano unaofuata wa michango uitisheni hapohapo, watu wakiwa wamesimama juu ya sehemu iliyo kavu.

SWALI: Mheshimiwa, kisima chetu chenye pampu ya mkono tulijengewa na wafadhili miaka minne iliyopita. Kimeharibika, na hatukuwahi kukusanya fedha za matengenezo kwa sababu wazee walisema maji ni zawadi ya Mungu na hayauzwi. Wengine wanataka tutafute mfadhili mwingine. Wewe waonaje? — Mama wa Ndoo Mbili

JIBU: Mama, wazee wamesema kweli juu ya maji, lakini pampu ni chuma na mipira inayosuguana kila siku, na kusuguana huko kuna mwisho. Mfadhili wa pili akija bila utaratibu kubadilika, baada ya miaka mingine minne utaniandikia tena barua hiihii.

Mnachotakiwa kuuza si maji. Wekeni ada ndogo ya kila mwezi kwa kila kaya kwa ajili ya vipuri na fundi, na mkiiweka, zingatieni jambo moja: kanuni nzuri ni ile ambayo kila mtu anaweza kuihakiki kwa macho yake. Huko Törbel, kijiji cha milimani nchini Uswisi, mwaka 1517 wanakijiji walikataza mtu kupeleka katika malisho ya pamoja ng’ombe wengi kuliko aliomudu kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni hiyo haikuhitaji mpelelezi, kwa kuwa kila jirani aliweza kuhesabu ng’ombe walio katika zizi la mwenzake. Ya kwenu iwe hivyo: orodha ya kaya zote itundikwe kisimani, na anayelipa awekewe alama palepale mbele ya wanaochota.

Kwa ugomvi wa foleni na ada, msisubiri mkutano mkuu wa mwaka. Katika jiji la Valencia nchini Hispania, wakulima wanaotumia mifereji ya pamoja wana baraza lao linaloketi kila Alhamisi adhuhuri nje ya mlango wa kanisa kuu. Wajumbe wake huchaguliwa na wakulima wenyewe, mashauri husikilizwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa papo hapo. Ninyi hamhitaji kanisa kuu. Siku moja ya wiki inayojulikana na watu watatu wanaoheshimika watatosha.

Wafundisheni angalau watu wawili kufungua na kufunga pampu, na mmoja wao awe miongoni mwa wanawake wanaochota kila siku, kwa sababu wao ndio hugundua mpini ukianza kuwa mzito, wiki kadhaa kabla ya kamati kupata habari. Kabla ya kutengeneza, pimeni pia umbali wa vyoo vya shimo vilivyo jirani. Choo kisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo lake ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kama kuna choo kilichochimbwa karibu zaidi baada ya kisima kujengwa, hilo ndilo jambo la kwanza la kushughulikia, hata kabla ya pampu.

SWALI: Jirani yetu mmoja mwenye uwezo mkubwa amejitolea kulipia bomba la maji la kijiji kizima, mradi tangi lijengwe katika kiwanja chake. Wengi wamefurahi, ila mimi moyo unasita. Je, nina wivu? — Mwenye Shaka

JIBU: Hapana, una akili timamu. Mpokeeni, mumshukuru, kisha muulize maswali mawili: siku atakapouza kiwanja au kurithisha watoto, tangi litakuwa la nani? Na je, nani atakuwa na ruhusa ya kuingia usiku bomba likipasuka? Majibu yawe katika hati iliyosajiliwa, na kieneo cha tangi pamoja na njia ya kulifikia vitengwe kwa jina la kijiji kabla ya msingi kuchimbwa.

Jambo jingine ni kwamba zawadi kamili huwalaza watu. Mwaka 1970 serikali ya Korea Kusini ilianza kuwapa wanavijiji saruji, mifuko 335 kwa kila kijiji, ili wachague wenyewe mradi wa pamoja. Katika awamu iliyofuata, vijiji vilivyokuwa vimeitumia vizuri vilipewa mifuko 500 na tani moja ya nondo, na vilivyolala vikaachwa. Utawala wa wakati huo ulikuwa wa mabavu na mengi ndani yake sitamani yaigwe, lakini utaratibu huo wa msaada kufuata kazi mnaweza kuuazima. Mwombeni jirani yenu anunue mabomba na saruji, na kijiji kichimbe mtaro wote kwa mikono yake, kila kaya na mita zake.

Mifuko ya saruji ikifika, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta, mahali pasipo na unyevu, katika stoo yenye kufuli mbili, na ufunguo mmoja usiwe wa kwake.