Sampu ya Gari la Zamani Inapovuja: Silikoni, Gundi au Gasketi?

SWALI: Ninamiliki gari la miaka ya 1960 ambalo sampu yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ya bati la chuma, na gasketi inayoziba kiungo chake na injini ni ya lile gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa. Nimeibadilisha, lakini oili bado inachuruzika upande wa nyuma, karibu na giaboksi. Fundi mmoja ananishauri niachane na gasketi nijaze silikoni tupu. Mwingine anasifu gundi ile inayokauka mahali pasipopita hewa. Nimsikilize yupi?

JIBU: Kwa sampu ya namna hiyo, hakuna hata mmoja aliyekushauri vyema.

Lakini kwanza hakikisha kwamba sampu ndiyo inayovuja. Oili inayotoka kwenye kifuniko cha vali huteremka ubavuni mwa injini na kudondokea chini, na injini nyingi za wakati huo huzuia oili nyuma ya krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) kwa kamba au kwa mifereji iliyochongwa badala ya sili ya mpira. Ikiwa inatoka hapo, utapaka gundi kwenye sampu bure. Osha injini, ikaushe, paka poda nyeupe, iwashe kwa muda, kisha ufuatilie mkondo wa oili unakoanzia.

Gundi isiyohitaji hewa imetengenezwa kwa ajili ya nyuso za chuma zilizochongwa zikalala sawasawa, nayo hukauka inapobanwa kati ya chuma na chuma. Bati lililofinyangwa huwa na mawimbi, na kwako kuna gasketi katikati, kwa hiyo itabaki mbichi. Silikoni tupu inafaa kwa injini zilizobuniwa kufungwa bila gasketi. Katika yako, unene wa gasketi ulihesabiwa tangu mwanzo. Isitoshe, uzi wa silikoni unaouona umefurika nje una pacha wake ndani, na kipande chake kikikatika hufika kwenye chujio la pampu na kuinyima injini oili.

Ningekushauri utumie gundi isiyokauka kabisa, kama Hylomar ya buluu, na uipake nyembamba upande wa sampu tu ili gasketi isihame. Upande wa injini uache mkavu. Silikoni iwekwe kwenye zile pembe ambapo gasketi ya ubavuni hukutana na sili ya mwisho wa sampu, mbele na nyuma, kando ya kifuniko cha beringi ya krankshafti, tone dogo kwa kila pembe. Chagua ile inayostahimili oili na isiyonuka siki, kwa kuwa yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula metali. Usiipake gasketi nzima: kabla haijakauka huteleza, na ukikaza bolti gasketi huchomoka nje.

Hata hivyo, ninashuku zaidi bati lenyewe kuliko gundi. Kila mara mtu alipokaza bolti kupita kiasi, bati lilivutwa kuzunguka tundu lake, na sasa gasketi inabanwa penye matundu huku katikati yake ikiachwa wazi. Weka rula ya chuma juu ya ukingo wa sampu; ukiona mwanga chini yake kati ya tundu na tundu, egemeza ukingo kwenye kipande cha chuma bapa na ugongegonge kingo za matundu kwa nyundo ndogo hadi rula ilale. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayotibu.

Kisha acha oili iliyobaki kwenye injini idondoke usiku kucha, kwa sababu gundi haishiki penye utando wa oili, na ufute nyuso zote mbili kwa kisafishio cha breki. Kaza kuanzia katikati kuelekea miisho, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, ukifuata kipimo cha kitabu cha gari. Kwa bolti ndogo za sampu mara nyingi kipimo hicho huwa karibu na Nyutoni mita 8 hadi 10, nguvu ya kiganja wala si ya bega. Gasketi ikianza kutuna pembeni, simama. Ili silikoni ya zile pembe ikauke, subiri saa 24 kabla ya kumimina oili, isipokuwa paketi inasema vingine.

Wakati ukisubiri, fungua bomba la kupumulia injini uangalie kama limeziba, maana shinikizo likikosa pa kutokea ndani ya injini litaisukuma oili ipite kwenye kiungo chochote, hata kilichofungwa vizuri.